Moto wa Rika: Uhakiki wa Udugu wa Vyuoni na Wazee Wake

Katika vyuo na shule zilizotapakaa chini ya Mlima Meru, kutoka Ilboru na Njiro hadi Tengeru na Makumira, si jambo geni kusikia kwamba wanafunzi wameanzisha chama kipya cha udugu. Chama huwa na jina, muhuri, mwenyekiti na mhazini. Aghalabu huwa pia na walezi, yaani watu waliokwisha kuhitimu mahali pale, ambao huombwa watoe fedha na baraka. Mwanzo huwa wa shangwe. Lakini mwenyekiti akishahitimu na daftari la mhazini likishapotea, chama hubaki muhuri mtupu. Kisha huja vijana wengine wakaanza upya, kana kwamba hapana aliyewahi kulijaribu jambo hilo kabla yao.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kwa nini vyama vya namna hiyo hufa vichanga. Wengi husema sababu ni uhaba wa fedha. Wengine huwalaumu vijana kwa kukosa ari. Mimi sikubaliani na rai hizo. Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, imo katika uhusiano kati ya wanaoanza na waliotangulia: tumekuwa tukiwachagua wazee wasiofaa, na kuwaomba kitu kisichofaa. Jambo hili wenyeji wa mlima huu walikwisha kulitafakari zamani, wakalitungia utaratibu. Utaratibu huo hauna budi kuhakikiwa, wala si kusifiwa tu.

Moto na waliouwasha

Waarusha, wakulima wa miteremko ya kusini-magharibi ya Mlima Meru, wana utaratibu wa marika unaofanana na ule wa ndugu zao Wamaasai. Wameru wa upande wa mashariki, ambao lugha yao ni jirani ya Kichaga, waliupokea utaratibu huo kwa Waarusha katika karne ya 19. Mtaalamu P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti wake katika miaka ya 1950, aliwaeleza Waarusha kwa urefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1963. Kitabu hicho kinahusu zaidi namna magomvi yanavyosuluhishwa katika jamii ambayo kwa asili haikuwa na mtawala mmoja. Msomaji hujifunza humo kwamba mtu alishikwa na kamba tatu: ukoo wake, mtaa wake na rika lake. Hii ya tatu ndiyo inayotuhusu hapa, kwa kuwa ndiyo iliyomfunga mtu na watu wasio jamaa zake wala majirani zake.

Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja, cha miaka kumi na mitano hivi, walifanywa rika moja. Walipewa jina, wakapanda ngazi pamoja: wakawa murani, kisha wazee wadogo, kisha wazee wenye kauli. Jina hilo waliendelea nalo hadi kaburini. Katika karne ya 20 walifuatana Terito, Nyangusi, Seuri, Makaa na wengine baada yao. Kila rika lilikuwa na wasemaji wake, malaigwanani, waliochaguliwa kwa busara na ufasaha.

Lakini rika halikujifungua lenyewe. Katika mila ya Kimaasai, moto wa rika jipya hupekechwa kwa kijiti na wazee maalumu, na jina la kijiti hicho, olpiron, limekuwa jina la ulezi wenyewe. Swali la kuuliza ni hili: wazee hao ni nani? Mtu angedhani ni rika lililotangulia hatua moja tu. Sivyo. Moto huwashwa na rika la pili juu yao. Walezi wa Makaa si Seuri, bali ni Nyangusi. Na walezi wa Seuri si Nyangusi, bali ni Terito. Rika la katikati hurukwa.

Hekima ya mruko huu ni kubwa kuliko inavyoonekana mara ya kwanza. Rika linalotangulia kwa hatua moja ni shindani. Wadogo wakipanda, wao hawana budi kuiacha nafasi yao, na murani hapendi kuvua umurani wake. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ukimpa murani kazi ya kumlea atakayemwondoa, atamlea kwa fimbo. Mzee aliyepita ngazi mbili mbele, kinyume chake, hana cha kunyang'anywa na kijana huyo. Anaweza kumkemea bila wivu na kumsifu bila hofu. Ndiyo maana walezi hao walipewa mamlaka mazito, hata uwezo wa kuwalaani murani waliovuka mpaka.

Mabweni yetu na rika la katikati

Sasa tuyatazame mabweni yetu kwa jicho hilo. Mwanafunzi mgeni anapofika, lugha ya bwenini humwita njuka. Nani hupewa kumpokea? Mara nyingi ni mwanafunzi aliyemtangulia kwa mwaka mmoja. Huyu mwaka jana alikuwa njuka mwenyewe. Alichoteshwa maji, akaimbishwa usiku, akafulishwa nguo za wakubwa. Maumivu yake hayajapoa, na sasa ameletewa mtu wa kumlipizia. Akiulizwa, hujibu kwamba hiyo ni mila ya shule na kwamba humjenga mtu.

Hiyo si mila. Ni rika la katikati lililoachiwa kazi isiyo yake. Wale wanaotetea uonevu huo kwa kutaja jando na umurani hawajui wanalolitaja. Ni kweli kwamba jando lilikuwa na maumivu, na murani walitakiwa kuvumilia. Lakini uvumilivu huo ulisimamiwa na wazee wasiokuwa na kisasi, tena mbele ya jamii yote. Haukuachiwa kijana aliyetoka kuumizwa jana. Chama cha udugu kinachoanza kwa kumdhalilisha mgeni kimeiga makelele ya mila na kuiacha akili yake.

Fundisho hapa ni dhahiri. Anayeanzisha chama chuoni asitafute walezi miongoni mwa waliohitimu mwaka jana. Hao bado wanataka kuwa viongozi. Watarudi kila mkutano, watapanga wagombea, wataandika katiba upya. Awatafute waliokaa kazini miaka mingi, wasiokuwa na mtu wa kumpigania wala kiti cha kukirudia.

Mkono mtupu haulambwi

Kosa la pili linahusu fedha. Viongozi wa chama kipya, wakishapata anwani za wahitimu, huandika barua za kuomba mchango. Wahitimu wenye uwezo hutoa ng'ombe wa karamu, fulana zenye nembo, pengine na vipaza sauti. Siku ya sherehe hukalishwa mbele na kupigiwa makofi. Kisha huondoka. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Na hapa mkono uliojaa hulambwa mpaka ukaisha, na udugu ukaisha nao. Tena mhitimu mwalimu wa shule ya msingi, ambaye pengine ndiye mwenye neno la kuwafaa vijana, hakualikwa, kwa kuwa hakuwa na cha kuchangia.

Sidai kwamba fedha ni kitu kibaya. Nadai kwamba fedha isiyo na kazi maalumu na isiyotolewa hesabu huharibu pande zote mbili. Mlima huu una mfano mwema. Mnamo Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru walichanga fedha zao wenyewe, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York kutoa malalamiko ya watu wake. Safari ile haikuirudisha ardhi. Hata hivyo iliwafumbua macho Watanganyika wengi, kwa sababu msemaji aliporudi aliieleza mbele za watu. Mwaka 1967 yeye na mwanasheria Earle Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo. Tazama mpango ulivyokuwa: waliochanga walijua wanachangia nini, aliyetumwa alijua ametumwa na nani, na mwisho hesabu ya safari ilitolewa, hata katika kushindwa. Mchango wa namna hiyo hauwezi kufananishwa na fulana.

Mfano mwingine unatoka Makerere. Julius Nyerere alipokuwa mwanafunzi huko kati ya 1943 na 1945, yeye na wenzake, akiwamo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, waliunda chama cha ustawi wa Watanganyika. Wangeweza kubaki na chama chao kidogo cha wasomi. Badala yake waliona kwamba kulikuwa na chama cha watu wazima, African Association, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, nao wakafungua tawi lake chuoni. Hawakuwaomba wazee wale karamu. Walijiunga na kazi iliyokwisha kuanzwa. Chama hicho, ambacho baadaye kiliitwa TAA, ndicho kilichogeuzwa kuwa TANU mwaka 1954. Tawi la chuo lilipata mzizi kwa sababu lilishikamana na shina lililokuwa nje ya chuo.

Yasiyofaa kurithiwa

Haitakuwa uhakiki wa haki tukiusifu utaratibu wa marika bila kuzitaja dosari zake. Ya kwanza ni wanawake. Moto wa rika haukuwashwa kwa ajili yao. Walihesabiwa kwa marika ya waume zao. Leo wasichana wamo katika madarasa yetu yote. Chama kinachojiita cha udugu huku kikiwapangia wasichana kazi ya kupika siku ya sherehe kimerithi sehemu ya mila iliyostahili kuachwa.

Ya pili ni mipaka. Rika liliwaunganisha watu wa koo na mitaa mbalimbali, na huo ulikuwa ukuu wake; lakini liliishia pale mila ya jando ilipoishia. Chuo cha leo kinakusanya vijana wa nchi nzima. Hivyo chama cha wanafunzi wa wilaya moja, hata kikijipamba kwa jina la rika, kwa hakika ni ukoo uliovaa sare. Kinamrudisha kijana kwenye kamba ambayo rika liliundwa kuivuka.

Ya tatu ni siri na nguvu. Hapa yatupasa kutazama mbali kidogo. Huko Marekani vyuo vina vyama vya udugu vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Hata Kwame Nkrumah, alipokuwa mwanafunzi huko, alikuwa mwanachama wa Phi Beta Sigma. Nchini Nigeria, mwaka 1952, Wole Soyinka na wenzake sita waliunda chama cha Pyrates katika Chuo Kikuu cha Ibadan ili kupinga majivuno ya kikoloni na ukabila. Nia ilikuwa njema. Lakini kuanzia miaka ya 1970 vilizuka vikundi vingine vingi, vingine vikajificha gizani na kushika silaha. Mnamo Julai 1999 wanafunzi waliuawa katika Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo na watu wa kikundi cha namna hiyo. Udugu usiotazamwa na wazee, wala kujulikana na jamii, unaweza kuanza kwa wimbo na kuishia kwa panga. Rika la mlimani, pamoja na ukali wake wote, lilifunguliwa mchana, na kila mama alijua mwanawe yumo rika gani na mlezi wake ni nani.

Hitimisho

Mwaka 2018 sherehe tatu za marika ya Wamaasai wa Kenya ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Ni vema sherehe zilindwe. Lakini ngoma na mavazi vinaweza kulindwa huku akili iliyovizaa ikipotea. Utamaduni wa taifa haujengwi kwa maonyesho peke yake. Hujengwa pale kijana wa leo anapoikabili shida yake kwa busara ambayo wazee waliilipia gharama. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Kwa mwalimu anayeombwa kuwa mlezi wa chama kipya, nashauri aulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Waliotangulia watakaowalea vijana hawa, je, wamekwisha kuacha kugombea nafasi zao? Kinachoombwa kwao, je, ni kazi inayojulikana na itakayotolewa hesabu? Na mlango, je, uko wazi kwa msichana, kwa mgeni wa mkoa mwingine na kwa mzazi anayetaka kuona? Jibu likiwa hapana hata kwa swali moja, chama hicho kingoje.

Na kwa mwanafunzi mwenyewe nina neno moja. Wazee wa kijiti waliwasha moto, wakafundisha, wakakemea, kisha wakawaachia vijana kuukoka wenyewe. Siku moja nawe utaandikiwa barua na vijana usiowajua, wakikuomba ng'ombe. Wakati huo kumbuka kwamba wanahitaji kitu ambacho hawajui kukiomba.