Uhuru wa Nafsi na Mlango wa Gereza

Washairi na wanafalsafa wa Kijerumani wa mwisho wa karne ya 18 waliandika mengi juu ya uhuru, na aghalabu waliutafuta ndani ya nafsi ya mtu. Si ajabu. Ujerumani haikuwa dola moja wakati huo, bali mamia ya tawala, kubwa na ndogo, na kila mtawala aliweza kumfunga ulimi mtumishi wake. Mwaka 1782 Friedrich Schiller, daktari wa jeshi, alikwenda tena Mannheim bila ruhusa kwa ajili ya mchezo wake, Die Räuber. Mtawala wa Württemberg, Karl Eugen, alimfunga siku 14, kisha akamkataza kuandika lolote lisilohusu utabibu. Schiller alitoroka mwaka ule ule.

Hata Immanuel Kant, aliyefundisha mwaka 1785 ya kuwa mtu huru ni yule aitiiye sheria aliyojiwekea kwa akili yake mwenyewe, alipata karipio la mfalme wa Prussia mwaka 1794 kwa maandishi yake juu ya dini. Aliahidi kunyamaza juu ya jambo hilo, akanyamaza mpaka mfalme alipokufa mwaka 1797. Kisa hiki hakimwaibishi Kant, lakini kinayapima mafundisho yake. Nafsi iliyo huru ndani, hali kinywa kimefungwa, imekosa nini? Kwa hoja za Kant, haikukosa lililo kubwa. Kwa mtu aliyepata kunyamazishwa, jibu hilo ni pungufu.

Schiller naye, baada ya kuchukizwa na umwagaji damu wa Mapinduzi ya Ufaransa, alishauri katika barua zake za 1795 ya kuwa watu walelewe kwanza kwa uzuri ndipo wafikie uhuru. Ni shauri tukufu, na ni la hatari: mtawala asiyetaka kufungua mlango hapati udhuru mtamu kuliko huu, kwamba raia hawajawa tayari.

Fidelio, opera ya Beethoven, haikuridhika na hayo. Kisa chake kilitoka Ufaransa. Ilichezwa kwanza Vienna tarehe 20 Novemba 1805, jeshi la Napoleon limekwisha kuuteka mji, na wengi wa watazamaji walikuwa maofisa wa Kifaransa. Florestan amefungwa kwa kusema kweli. Mkewe, Leonore, ajivika mavazi ya kiume, apata kazi gerezani, na ashuka shimoni na bastola. Walakini kiini cha kazi hii ni pale wafungwa wengine wanapotolewa uani kwa kitambo kidogo. Hawaimbi juu ya nafsi wala sheria. Waimba juu ya hewa. Sauti zaanza chini, zapanda taratibu, kisha mmoja awaonya wenzake waseme polepole, kwani wanasikilizwa. Hapo muziki waeleza jambo ambalo falsafa ililipita: mfungwa huogopa hata katika furaha yake.

Mwisho wa opera una dosari. Tarumbeta yalia, waziri wa mfalme awasili, na amri ya kuwafungua wafungwa yatoka juu, kana kwamba ushujaa wa Leonore haukutosha. Yamkini Beethoven aliihisi kasoro hiyo. Katika nakala ya 1814, waziri amwachia Leonore kazi ya kumfungua Florestan, na ni mkono wa mke utoao minyororo.