Maradhi na Mamlaka ya Usemi katika Utendi wa Mwana Kupona

Tangu Alice Werner na William Hichens walipouchapisha Utendi wa Mwana Kupona mwaka 1934, chini ya anwani ya Kiingereza iliyosisitiza wajibu wa mke, uhakiki umelizunguka swali moja: je, utendi huu unamfunga mwanamke, au unamfunza mbinu za kuishi kifungoni? Swali hilo lina uzito wake. Hata hivyo, limewafanya wahakiki wengi kulipita kwa haraka jambo ambalo mtunzi analitanguliza kabla ya kutoa wasia wowote: kwamba yeye ni mgonjwa, na maradhi yake yametimiza mwaka.

Utendi ulitungwa mwaka 1858, miaka miwili baada ya kifo cha mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na usultani wa Zanzibar. Mjane huyu mgonjwa anamwita bintiye asogee na wino na karatasi. Amri hii ndogo ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwili umeshindwa ilhali sauti inaamuru. Na utii wa kwanza katika utendi huu si wa mke kwa mumewe, ni wa binti kwa mamaye. Udhaifu wenyewe ndio unaompa nafsineni haki ya kusikilizwa, kwani neno la aliyelala kitandani kwa maradhi mazito huchukuliwa kuwa wasia, na wasia haukatizwi. Ndipo hirizi na kidani cha lulu na marijani anavyomwahidi bintiye vinapopata maana: kitenzi 'kutunga' ni cha shanga na cha mashairi pia. (Kulichezea jina la Kupona, kama wafanyavyo baadhi ya wanafunzi, ni ujanja usioongeza kitu.)

Dua ndefu ya sehemu ya mwisho imezoeleka kuhesabiwa kuwa hitimisho la kimapokeo tu. Hapo aliyekuwa akiamuru anageuka mwombaji: anaomba afueni, na kumkabidhi Mungu wanawe na jamaa zake. Uvumilivu wake hauna majigambo.

Haya hayazifuti beti za utii kwa mume. Anayedai kwamba maradhi yanaugeuza utendi kuwa uasi atakuwa amemvisha mtunzi vazi lisilo lake. Lakini anayezisoma beti hizo bila kitanda zilimotungwa naye hajamsoma Mwana Kupona, mama ambaye, karibu na tamati, anaacha kusema na binti mmoja na kuwataka wanawake wote wausome utendi wake. Alifariki takriban mwaka 1860.