Ufundi wa Kuongoza Kikao

Kuongoza kikao ni kazi ya kulifikisha kundi kwenye uamuzi ambao wenyewe wataukubali kuwa ni wao. Mwenye kazi hiyo huitwa mwezeshaji kwenye warsha, mwenyekiti kwenye ushirika, mzee kwenye baraza la ukoo, kiongozi mkuu kwenye msafara wa mlimani. Si hakimu wala mhutubu. Hulinda zamu ya kila mmoja ya kusema, na umahiri wake hupimwa kwa yale waliyoyasema wengine.

Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ufundi huu umekuwa nguzo ya maisha tangu zamani. Maji ya vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, yaliletwa kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mikono kutoka kwenye mito ya juu na kuzungushwa kwenye kingo za mabonde. Mfongo mmoja hunywesha migomba ya kaya nyingi, na aliye juu anaweza kumdhulumu aliye chini kwa kuchelewa tu kufunga maji. Ndiyo maana kila mfongo ulikuwa na mzee wake, na watumiaji walikutana kupanga zamu za maji na siku za kuzibua mfereji. Asiyefika kazini alitozwa faini. Mzee huyo hakuwa na askari. Nguvu yake ilikuwa kikao, na kama mtu wa chini hakusikilizwa kikaoni, ilikuwa vigumu kumtoa nyumbani na jembe siku ya kuzibua.

Ugomvi ukizidi, Wachagga, wenyeji wa huko, wana jani la isale. Aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani hilo kuomba radhi, na ni jambo zito kulikataa. Hekima iliyomo inastahili kusomwa na kila mwendesha mazungumzo: watu wawili wasioweza kuangaliana usoni hupewa mahali pa kuanzia kabla hawajapata maneno.

Mwaka 1973 Tanzania nzima iliutumia ufundi huu kwa upana wa ajabu. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza takribani 75,000. Viongozi wa vikundi hivyo hawakuhitajika kuwa waganga wala walimu. Walipewa mafunzo mafupi ya namna ya kuendesha kikundi. Redio iliwashwa, kitabu kikasomwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma apate, kisha wanakikundi wakajadili na kuamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Agizo la kuchimba choo lilikuwa limetolewa mara nyingi tangu enzi za mkoloni. Safari hii lilitoka kwa majirani walioketi pamoja, na vyoo vikachimbwa kwa wingi.

Namna nyingine ya kuendesha vikao ni kuwatoa watu kwenye kazi zao na kuwapeleka mbali, iwe ni mafungo ya kanisa au semina elekezi kama ile ya mawaziri pale Ngurdoto mwaka 2006. Marangu imezoea wageni wa aina hiyo: Novemba 1955 Walutheri kutoka nchi mbalimbali za Afrika walifanya hapo mkutano wao wa kwanza wa bara zima. Faida ya umbali ni kwamba vyeo hulegea; mkurugenzi na karani hupanga foleni moja ya chai. Lakini faida hiyo hupotea mapema pale mgeni rasmi anapokula asubuhi nzima kwa hotuba ya ufunguzi. Baada ya hapo bango kitita litajaa maandishi, posho itasainiwa, na lile lililowaleta watu litabaki mioyoni mwao.

Ufundi huu huonekana waziwazi zaidi jioni, kwenye vibanda vya Horombo mlimani Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Wapandaji wamekwisha kula. Kiongozi mkuu huketi nao mezani, huwapima oksijeni kwa kifaa kidogo cha kidoleni, kisha huuliza mmoja mmoja: kichwa kinauma? umelala? chakula kimeshuka? Kila mtu ana sababu ya kudanganya. Amelipa pesa nyingi, ameaga nyumbani kwa vishindo, na wenzake wanamsikiliza. Ilhali maumivu yanayofichwa Horombo huweza kugeuka uvimbe wa ubongo au maji kwenye mapafu kwenye kilele cha Kibo. Basi kiongozi mjuzi huiondoa aibu mapema: husema kwamba kichwa kumuuma mtu huko juu ni kawaida, na kwamba anayetaka kujua ni yeye kiongozi, ili apange mwendo. Kisha hunyamaza. Ukimya huo ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa mwenye pupa angeujaza kwa maneno ya kutia moyo, na mgonjwa angepata pa kujificha. Yule mwenye kusema kidogo kuliko wote hupewa muda mrefu kuliko wote.

Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa siku mbili za semina. Viongozi wengi wa mlima walianza kwa kubeba mizigo, wakawa wasaidizi, wakakaa misimu mingi kwenye kona ya meza wakisikiliza mkubwa wao anavyouliza, ndipo wakakabidhiwa kundi. Chama cha ushirika, shule au ofisi inayotaka kukuza viongozi na ifuate njia hiyo: iwape vijana vikao vya kweli vya kuendesha, vyenye maji au fedha ya watu ndani yake, na wakubwa wakae pembeni wasikilize.