Uhaba au Katazo: Uchambuzi wa Video Isiyocheza

Hitilafu za programu za kutazama video kwa njia ya intaneti, ijapokuwa watazamaji huziita zote kwa neno moja tu, "haichezi", hutokana na vyanzo vya aina mbili visivyofanana kwa tabia wala kwa tiba. Aina ya kwanza ni uhaba, yaani data haifiki kwa wingi au kwa wakati unaotakiwa. Ya pili ni katazo, yaani data ipo, njia ipo na kifaa ni kizima, lakini mojawapo ya pande zinazohusika imekataa kuendelea kwa sababu haijaridhika na utambulisho wa mwenzake. Makala hii inachambua namna aina hizo mbili zinavyotenganishwa, na mfano wake mkuu ni tukio la Machi 2025, ambapo vifaa vya Chromecast vya kizazi cha pili viligoma kwa pamoja katika nchi mbalimbali, na ambapo ushauri uliozoeleka kuliko mwingine wowote, ule wa kufuta kila kitu na kuanza upya, uliwazidishia matatizo wale walioufuata.

Ili uhaba ueleweke, sharti kwanza ifahamike kwamba video haisafirishwi ikiwa faili moja zima. Tangu Apple ilipotoa utaratibu wake wa HLS mwaka 2009, na kiwango cha kimataifa cha DASH kilipochapishwa mwaka 2012, kanuni iliyotawala ni kuikata video katika vipande vya sekunde chache, kila kipande kikiandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora na kuwekwa kwenye seva, ambazo ni kompyuta zinazohudumia maombi ya watumiaji. Programu iliyomo ndani ya simu au runinga husoma orodha ya vipande hivyo, kisha huviomba kimoja baada ya kingine huku ikipima kila kimoja kimechukua muda gani kufika, hivyo kwamba kipande kikichelewa ombi linalofuata hushushwa ubora, na njia ikinyooka ubora hupandishwa tena. Vipande vinavyowahi kufika hukaa kwenye bafa, yaani akiba ya muda ndani ya kumbukumbu ya kifaa, ambayo kazi yake ni ileile ya simtanki katika mtaa ambao maji ya bomba hutoka kwa zamu. Kiduara kinachozunguka katikati ya kioo, ambacho wengi hukichukulia kuwa ni dalili ya programu kuharibika, ni tangazo tu kwamba tangi limekauka.

Alama kuu ya uhaba ni kubadilikabadilika. Video inayoganda saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, hucheza vizuri alfajiri, na ile inayokwama sebuleni hutulia mtazamaji anaposogea karibu na ruta. Hata hivyo, picha inayokatikakatika haithibitishi yenyewe kwamba mtandao ndio wenye kosa, na hapa ndipo vipimo vinapokuwa na thamani kuliko kubahatisha. YouTube, kwa mfano, ina dirisha dogo la takwimu linalofunguliwa kupitia menyu ya video, ambalo huonyesha bafa ina sekunde ngapi na fremu ngapi zimedondoshwa, fremu zikiwa ni zile picha moja moja ambazo kwa kupishana haraka huleta mwendo. Bafa ikiwa tupu, data haifiki. Lakini bafa ikiwa imejaa ilhali fremu zinadondoka kwa wingi, data imefika na kifaa ndicho kilichoshindwa kuifumbua. Hali hii ya pili huonekana zaidi kwenye simu za zamani zinapopewa video iliyobanwa kwa mtindo mpya kama AV1, uliotolewa mwaka 2018, ambao simu isiyo na sehemu maalumu ya kuufumbua ndani ya chipu yake hukilazimisha kichakataji kikuu kifanye kazi ambayo hakiiwezi. Kumwongezea mtu wa namna hiyo bando la intaneti ni kumpelekea maji mtu ambaye kilichopasuka ni bomba la ndani.

Netflix nayo ilianzisha mwaka 2016 ukurasa wa Fast.com, ambao hupima kasi kwa kuvuta data kutoka katika seva za Netflix zenyewe, na umuhimu wake katika utatuzi hautokani na namba moja inayotolewa, bali unatokana na kulinganisha. Kipimo kingine cha kasi kikionyesha megabiti 30 kwa sekunde huku Fast.com ikionyesha 2, ambazo hazifikii hata zile 3 zinazopendekezwa na Netflix kwa picha ya ubora wa 720, kikwazo kiko katika njia ya kuelekea kwenye seva hizo, wala si ndani ya nyumba. Ulinganisho wa aina hiyo ulikuwa na maana ya pekee Afrika Mashariki baada ya tarehe 12 Mei 2024, pale kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Kwa kuwa makampuni makubwa ya video huweka nakala za video zinazopendwa katika seva zilizo ndani ya nchi, video iliyokwisha kuhifadhiwa karibu haihitaji kuvuka bahari, na hivyo simu moja yaweza kucheza filamu moja bila taabu na kushindwa kabisa kufungua nyingine, jambo ambalo kwa asiyejua mpangilio huo huonekana kama kiini macho.

Katazo lina tabia iliyo kinyume. Halitegemei saa wala mahali, halipungui kwa kusogea karibu na ruta, na hurudia ujumbe uleule kila linapojaribiwa. Wakati mwingine huwa la sehemu tu, kama pale sauti inaposikika huku kioo kikiwa cheusi, au pale huduma ya kulipia inapogoma kuonyesha picha ya ubora wa juu kwenye simu isiyokuwa na kiwango cha kwanza cha Widevine, ambao ni mfumo wa Google wa kulinda haki za wamiliki wa filamu. Lakini umbo lake lililo wazi zaidi ni lile linalotokana na cheti kilichokwisha muda, na tukio la Chromecast linalionyesha vizuri.

Chromecast ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI la runinga. Simu haikitumii kupitisha video, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali hukipa amri tu, nacho chenyewe huvivuta vipande kutoka kwenye intaneti. Kizazi cha pili pamoja na Chromecast Audio, ambayo ni ndugu yake wa kuunganishwa na spika, vilizinduliwa Septemba 2015. Kabla ya amri yoyote kukubaliwa, programu iliyomo kwenye simu hukitaka kifaa kithibitishe kwamba ni Chromecast halisi, na uthibitisho huo hutolewa kwa cheti cha kidijitali kilichopachikwa kiwandani. Cheti hicho hakijisimamii chenyewe, kwani kimetiwa sahihi na cheti cha kati, nacho cha kati kimetiwa sahihi na cheti cha mzizi ambacho programu inakiamini tangu awali. Mnyororo huo hautofautiani sana na barua ya utambulisho inayoandikwa na mtendaji wa mtaa, ambayo benki huikubali si kwa sababu inamjua mwenye barua, bali kwa sababu inaitambua ofisi iliyompa mtendaji muhuri. Tofauti ni kwamba katika mnyororo wa kidijitali, muda wa muhuri ukiisha, barua zote zilizowahi kupigwa muhuri huo hukataliwa siku hiyohiyo.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 9 Machi 2025. Cheti cha kati kilichotumika kwa vifaa hivyo kilikuwa kimepewa uhai wa miaka 10, na kilipofikia ukomo wake, simu zilianza kuonyesha ujumbe kwamba kifaa hakiaminiki na hakikuweza kuthibitishwa, pamoja na maelezo kwamba huenda famuweya, yaani programu ya ndani inayokiendesha kifaa, imepitwa na wakati. Sehemu ya kwanza ya ujumbe huo ilikuwa kweli tupu. Sehemu ya pili, iliyoandikwa kwa kukisia, ndiyo iliyowapeleka watu kombo, kwa kuwa ilielekeza lawama kwenye kifaa, na mtu akishaamini kwamba kifaa ndicho kibovu, hatua inayofuata katika mazoea ya mafundi na wasio mafundi ni kukirejesha katika hali ya kiwandani.

Dalili zilizokuwepo, kama zingesomwa kabla ya kuguswa chochote, zilitosha kuupinga uamuzi huo. Vifaa viligoma kwa wakati mmoja katika nyumba zisizohusiana, jambo ambalo kuchakaa hakuwezi kulisababisha, kwa sababu vifaa vikichakaa huharibika kimoja kimoja. Mgomo ulihusu kizazi cha pili na Chromecast Audio, huku vizazi vingine vikiendelea na kazi kwenye mitandao ileile, hivyo ruta na kampuni ya intaneti vilikuwa vimeondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Tena programu za kutuma video ambazo waandishi wake hawakutumia maktaba ya msimbo ya Google, na ambazo kwa hiyo hazifanyi ukaguzi wa cheti, zingeweza bado kuongea na kifaa hichohicho. Kilichobaki kilikuwa kukisoma cheti chenyewe, ambacho si siri hata kidogo, kwa kuwa kila cheti hubeba tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha katika maandishi yanayosomeka na yeyote mwenye zana za kawaida. Wahandisi waliokisoma waliiona tarehe hiyo, na fumbo likawa limekwisha.

Jambo ambalo lilipita bila kuzingatiwa vya kutosha ni kwamba anayelinganisha tarehe ya cheti na tarehe ya leo ni simu, na wala si Chromecast. Ndiyo maana baadhi ya watumiaji walifaulu kukitumia kifaa kwa kuirudisha nyuma tarehe ya simu hadi kabla ya Machi 9. Kama jaribio, njia hiyo ni ya kupendeza kwa sababu hubadilisha kitu kimoja tu na kuacha mengine yote kama yalivyo, na jibu lake haliachi shaka. Kama tiba, haifai, kwani simu inayoishi katika jana huviona vyeti vipya vya tovuti nyingine kuwa havijaanza kutumika, na huzikataa programu zilizokuwa zikifanya kazi.

Google iliwasihi watumiaji wasivifute vifaa vyao, na sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Chromecast ambayo haikuguswa ilikuwa bado imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, na hivyo ingeweza kuipokea famuweya mpya yenyewe pale ilipotolewa siku chache baadaye. Chromecast iliyofutwa ilikuwa imesahau jina la mtandao na nywila yake, na ili ikumbushwe ilihitaji kusanidiwa upya kupitia programu ya Google Home, ambayo nayo ilikuwa ikiikataa kwa sababu ya cheti kilekile. Dawa ilikuwa upande wa pili wa mlango ambao mwenye nyumba alikuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kundi hilo ilibidi programu ya simu ifanyiwe marekebisho kwanza, ndipo kifaa kikubalike, kiunganishwe na mtandao na kusasishwa.

Tukio hilo halikuwa la kwanza la aina yake. Cheti cha mzizi kilichoitwa AddTrust kilikwisha muda tarehe 30 Mei 2020 baada ya miaka 20, na miongoni mwa walioathirika walikuwa watumiaji wa Roku, kifaa kingine cha kutazamia video. Tarehe 30 Septemba 2021 kikafuata cheti cha DST Root CA X3, ambacho tovuti nyingi zilikitegemea kupitia Let's Encrypt, asasi inayotoa vyeti bila malipo. Simu za Android zilizotangulia toleo la 7.1.1, ambazo hazikuwa na cheti cha mzizi kilichochukua nafasi yake, ziliokolewa kwa mpango maalumu wa sahihi uliopangwa mapema, tofauti na kompyuta na runinga kadhaa za zamani. Kwa fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue anayeletewa runinga iliyoingizwa ikiwa imetumika, isiyofungua huduma hata moja ya video ilhali kivinjari chake kinaona mtandao, swali la kwanza linapaswa kuwa tarehe: tarehe iliyo kwenye saa ya kifaa, ambayo huenda imerudi mwaka 1970 baada ya kukaa muda mrefu bila umeme, na kisha tarehe ya mwisho kusasishwa kwa famuweya yake.

Google ilikuwa imetangaza kusitisha uzalishaji wa Chromecast mwezi Agosti 2024, miezi saba kabla ya mgomo, na kwa hiyo wapo waliochukulia kwamba vifaa vyao vimezimwa makusudi ili wanunue vipya. Cheti chenyewe hakiungi mkono dhana hiyo. Tarehe ya ukomo iliandikwa ndani yake wakati kizazi cha pili kilikuwa hakijaingia dukani, na kwa takriban miaka kumi kila simu iliyotuma video kwenye runinga iliisoma tarehe hiyo, ikaona bado haijafika, ikaendelea na kazi.