Namna ya Kuipima Kazi ya Fundi wa Breki za Upepo

Katika gereji za kando ya barabara ya Lusahunga–Rusumo, yenye takribani kilomita 92 ndani ya wilaya za Biharamulo na Ngara, fundi husifiwa kwa wepesi wa kunyamazisha mlio wa upepo unaovuja kwenye breki za lori, na wanaomsifu aghalabu ni madereva wenye haraka ya kuvuka mpaka. Sifa hiyo haistahili. Mlio ni dalili tu, na fundi wa kweli hupimwa kwa kutambua upepo unatoka wapi kabla hajashika spana.

Tangu George Westinghouse aboreshe breki za treni mwaka 1872, kanuni imekuwa kwamba upepo ukipotea, breki hukamata. Kwenye lori kazi hiyo hufanywa na springi iliyofungiwa ndani ya busta, yaani kopo la chuma linalosukuma breki za gurudumu, ambalo lina vyumba viwili: kimoja hupokea upepo pedali inapokanyagwa, na kingine hujaa upepo safari nzima ili springi ibanwe isikamate. Kati ya vyumba hivyo kuna sili ndogo ya mpira.

Sili hiyo ndiyo isiyoonwa kamwe na wanagenzi. Ikichakaa, upepo wa chumba cha springi hupenya hadi chumba cha pedali, hurudi nyuma kupitia mpira unaoleta upepo wa pedali, na hutokea kwenye tundu la rilei valvu, yaani valvu inayogawa upepo kwa magurudumu ya nyuma, kiasi kwamba valvu nzima hulaumiwa kwa kosa la busta. Fundi mwenye pupa hubadilisha valvu, na mlio unabaki palepale, ilhali mwenye gari amekwishalipa. Bingwa huweka magogo kwenye matairi, huachia breki ya mkono na kusikiliza, kisha huivuta tena: mlio ukikoma, kasoro iko kwenye busta, ukiendelea, valvu ndiyo mbovu. Akishajua hivyo, huiachia tena breki ya mkono na kufungua mipira ya pedali mmoja mmoja, na busta itakayotoa upepo mdomoni ndiyo yenye kasoro. Busta hiyo hubadilishwa nzima, kwa sababu springi yake ikifyatuka huua. Wazee waliofunzwa kwenye Fiat na Leyland walizima injini, wakawanyamazisha matingo, wakautafuta upepo kwa mgongo wa mkono uliolowa maji. Subira hiyo imepungua mno.

Laghai hukunja mpira wa busta iliyotoboka daiframu, yaani utando wa mpira unaosukumwa na upepo katika chumba cha pedali, na kuufunga kwa ukanda wa tyubu, na lori lililojaa mzigo huteremka kuelekea mto Kagera likiwa na gurudumu lisilofunga. Mwingine huziba tundu la valvu kwa kijiti, upepo ukakosa pa kutokea, breki zikang'ang'ania hadi madramu yakaungua.

Kazi njema hukaguliwa matenki yakiwa yamejaa na injini imezimwa. Kwa lori lenye tela, kanuni za Marekani huruhusu geji ishuke takribani baa 0.2 kwa dakika pedali ikiwa huru, na 0.3 ikiwa imekanyagwa. Anayepima bila kukanyaga hajapima, maana daiframu ya chumba cha pedali iliyotoboka huvuja wakati wa kukanyaga tu. Tena utepe mweupe wa mafundi bomba usiguse koneksheni yoyote ya breki, kwa kuwa vipande vyake hukatika, husafiri na upepo, na hukwama ndani ya valvu.