Toni ya Saba ya Akina Zawose

Mwezi Agosti viwanja vya Nanenane hapa Nzuguni, Dodoma, hujaa vumbi, ng'ombe wa maonyesho na spika zinazoshindana. Katika hema moja nilimkuta kijana wa kinanda akihangaika kumfuata mzee aliyekuwa akipiga ilimba, chombo cha Wagogo chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole. Alijaribu kuanzia sauti hii, akajaribu ile, akabonyeza kitufe cha kupandisha na kushusha kinanda kizima. Kila alipodhani amepata, toni moja ilikwaruza. Mwishowe mzee akasimamisha vidole.

"Mwanangu, ilimba hii haina ubovu."

"Najua, baba. Na kinanda nacho ni kizima."

Wote wawili walisema kweli. Na ugomvi huo wa vyombo viwili vizima ndio ambao ukoo wa Zawose umekuwa ukiushughulikia tangu Hukwe Ubi Zawose, mzaliwa wa Doduma mkoani Dodoma, alipoutoa muziki wa Wagogo hadi Bagamoyo na baadaye katika majukwaa ya dunia. Watu husifu sauti yake ya ajabu, na anastahili. Mimi leo nataka kuzungumzia usanifu: imewezekanaje ilimba kukaa pamoja na gitaa la umeme na sinthesaiza bila mmoja kumziba mwenzake mdomo?

Tuanze na waya. Chukua zeze, upige waya mtupu, kisha uguse katikati yake kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza. Utasikia sauti ileile, ila iko oktava moja juu. Ukigusa penye theluthi, robo, sehemu ya tano na kuendelea, kila mgawanyo hutoa toni yake, na zote zimo ndani ya waya uleule. Muziki wa Kigogo umejengwa hasa juu ya toni ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi za mfuatano huo. Mtafiti Mhispania Polo Vallejo, aliyeishi na muziki huu kwa miaka mingi, ameeleza jambo hili kwa kina.

Kinanda hakikuzaliwa hivyo. Chenyewe kimekata oktava katika hatua 12 zinazolingana, na kila hatua wanamuziki huihesabu kuwa na senti 100. Toni ya saba haiangukii kwenye hatua yoyote kati ya hizo. Iko chini ya kitufe kinachoikaribia kwa senti 31, karibu theluthi nzima ya hatua. Toni ya kumi nayo iko chini kwa senti 14. Hapo ndipo kijana wetu alipokuwa akikwaruzwa, na angeweza kuhangaika hadi jioni, kwa sababu kupandisha kinanda kizima hakuondoi tofauti hiyo, kunaihamisha tu.

Kwa nini mpiga ilimba asiregeze kidogo, avituni vyuma vyake kama kinanda? Kwa sababu ilimba ingekufa. Pembeni mwa vyuma vinavyopigwa vipo vingine ambavyo kidole hakivigusi kabisa. Kazi yake ni kuitikia. Ukipiga chuma cha katikati, ndugu zake waliotoka katika mzizi mmoja, yaani toni moja ya msingi, hutetemeka wenyewe, na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la sanduku huongeza ule mvumo wake wa kunguruma. Ukiharibu uhusiano wa toni, vyuma vya pembeni vinabaki mapambo.

Kwa hiyo atakayetaka kuchanganya anapaswa kuuliza kwanza nani atamfuata nani. Mwaka 2002 Hukwe Zawose na Michael Brook wa Kanada walitoa albamu ya Assembly kupitia Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel. Brook alikuwa ameunda gitaa linaloweza kushikilia noti bila kukatika. Chombo hicho kilifaa sana, maana noti moja ndefu ikikaa chini kama mkeka, toni zote za ilimba huwa watoto wake na hakuna anayegombana. Matatizo huja unapohama kutoka kodi moja, yaani kundi la noti zinazopigwa pamoja, kwenda nyingine kama zilivyo nyimbo nyingi za redioni, kwa kuwa kila kodi ina mzizi wake na ilimba inao mmoja tu. Sikio langu lina lalamiko moja: mahali pengine katika Assembly mkeka umekuwa mnene mno, na mvumo wa utando unazama.

Hukwe alifariki Desemba 2003. Anayenivutia zaidi katika ufundi huu ni mwanawe Msafiri, mwimbaji, mtunzi na mpigaji wa vyombo vingi. Albamu yake Uhamiaji, iliyotolewa na Soundway ya London mwaka 2017, aliiandaa na prodyuza Sam Jones. Humo sinthesaiza haitandikwi chini ya ilimba. Inafanya kazi ya chuma kimojawapo: vipande vifupi vinavyojirudia, vinavyoingia kwenye nafasi ambazo vidole vimeziacha. Besi hukaa karibu na mzizi na kuuzunguka. Ngoma ndizo zinazobeba mabadiliko, kodi zikitulia. Ndiyo maana wimbo unachezeka kwenye ukumbi wa dansi na bado mzee wa Chamwino atatambua ni wa nyumbani. Msafiri ameitendea haki pop na ameitendea haki ilimba, na sisemi hivyo kwa wengi.

Ninaogopa kinachotokea katika studio nyingi za mjini, ambako sauti ya mwimbaji hupitishwa kwenye programu ya kunyoosha toni. Programu hiyo huivuta kila noti hadi kwenye kitufe cha kinanda kilicho karibu. Mwimbaji wa Kigogo akiimba toni ya saba sawasawa, mashine inamhesabu amekosea, inampandisha. Kinachotoka ni safi, na si Kigogo tena.

Mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa Maisha wakijiita The Zawose Queens. Kwa muda mrefu wanawake wa ukoo huu waliitikia nyuma ya wanaume. Sasa sauti zao ziko mbele, pamoja na ngoma za muheme ambazo kwa Wagogo ni za wanawake tangu zamani. Sauti kadhaa za kike zikipangwa katika toni zile za asili husimama wima bila kushikiliwa na chombo chochote.

Tukirudi Nanenane, nilimwonyesha yule kijana kwamba kinanda chake, kama vingi vya aina hiyo, kina sehemu ya kutuni kitufe kimoja kimoja, ile wanayoitumia wapiga muziki wa Kiarabu. Tukaweka mzizi kwenye C ya ilimba, B bapa tukaishusha senti 31, E senti 14, D tukaipandisha 4 na G 2. Alipobonyeza, kinanda kiliingia ndani ya ilimba kikatulia, na mzee akaanza kuimba bila kusema neno. Kisha kijana, kwa mazoea ya mkono, akahamia F. Mkwaruzo ukarudi. Akarudi C upesi, na safari hii akabaki hapohapo.