Fasihi ya Gerezani: Tatizo la Mipaka

Istilahi "fasihi ya gerezani" imekuwa ikitumiwa katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki kana kwamba maana yake ni bayana. Aghalabu wahakiki huiegemeza kwenye misingi miwili inayokinzana bila ya kuutambua ukinzani wenyewe, yaani mahali kazi ilipoandikiwa na maudhui inayoyashughulikia. Upungufu wa misingi hii hujitokeza pindi inapotumiwa kuipima diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki (1973).

Abdilatif alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa 1968, Kenya: Twendapi?, na mashairi ya diwani hii ni zao la kifungo hicho. Kwa kigezo cha mahali, basi, diwani ni fasihi ya gerezani. Kwa kigezo cha maudhui, mambo hubadilika. "Mnazi: Vuta N'kuvute" ni malumbano ya Alii na Badi juu ya mti, hamna humo pingu wala askari jela. "Mamba" linamsawiri mnyama anayejivunia nguvu zake. Mhakiki anayeshikilia maudhui atalazimika kuyatoa mashairi haya na kubakiza "Siwati" na mengine yanayoitaja adha ya mtunzi waziwazi. Huko ni kuikata diwani mapande, na tena kuipokonya baadhi ya tungo zake zilizokomaa zaidi kisanaa.

Kigezo kinachofaa zaidi ni kuuliza: anaambiwa nani, na maneno yapite mbele ya nani ndipo yamfikie? Mfungwa hutunga akijua kwamba msomaji wake wa kwanza huenda akawa mlinzi wake. Kwa hivyo mnazi si pambo. Ugomvi wa shambani, ambao kila mtu wa pwani anaufahamu, unabeba ugomvi wa nchi nzima kuhusu nani mwenye haki ya kula. Na karatasi ikinaswa, unabaki kuwa ugomvi wa mnazi tu. Huenda ikadaiwa kwamba fumbo ni kaida kongwe ya ushairi wa Kiswahili, na kwamba Muyaka bin Haji alilitumia akiwa mtu huru. Hilo ni kweli. Lakini Muyaka alikuwa na hadhira ya Mombasa iliyoweza kumfumbua na kumjibu, ilhali mfungwa hana wa kumjibu. Abdilatif analazimika kuyatunga majibu mwenyewe: Alii na Badi wote wawili wanasema kwa kinywa chake. Upweke wa seli umo katika muundo wa malumbano, si katika msamiati wake.

Kigezo hiki kinaufikia hata utanzu usiohitaji kalamu. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa aliye kifungoni anampa kijakazi Saada ujumbe wa kishairi aupeleke kwa mama yake: aoke mkate wa wishwa, ndani yake afiche tupa. Walinzi waliozoea kujitwalia vyakula vizuri wanauacha mkate duni upite. Ni vigumu kupata taashira bora ya namna fasihi hii inavyofanya kazi.

Kazi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani (1982), inaleta ugumu zaidi. Iliandikwa Kamiti mwaka 1978 kwenye karatasi za chooni, na habari hiyo husimuliwa sana, pengine kuliko riwaya yenyewe inavyosomwa. Hata hivyo, msimulizi wake anaihutubia hadhira ya wazi, kwa sauti ya juu, bila ya kumkwepa yeyote. Gereza ni historia ya riwaya hii. Si umbo lake. Detained (1981), ambayo ni kumbukumbu za kizuizi hicho hicho, ndiyo yenye nafasi isiyo na shaka katika kundi hili.

Inabaki kazi ambayo wahakiki wengi huipita kimya: My Life in Crime (1984) ya John Kiriamiti, aliyefungwa kwa unyang'anyi. Ukimya huo hautokani na hoja yoyote ya kifasihi. Unatokana na dhana kwamba gereza humtakasa mfungwa wa kisiasa peke yake. Kama kitabu hicho kitatengwa, kitengwe kwa kushindwa kwenye kipimo kile kile walichopimiwa Abdilatif na Ngũgĩ, wala si kwa hati ya mashtaka ya mwandishi wake.